Shamba Yenu Iko kwa Ofisi Gani?

Wandugu wa koperative, ba mama na ba papa,

Mvua ya kwanza inakaribia, na kama kila mwaka mutatuuliza juu ya mbegu, angre na siku ya kupanda. Tutajibu, juu njo kazi yetu. Lakini safari hii tunaomba tuwaulize ninyi kwanza. Shamba yenu iko kwa ofisi gani? Jina la kijiji tunalijua. Tunauliza kama iko mu muji wa Kolwezi ao mu teritware ya Mutshatsha. Kama ni mu muji, ni komini ya Dilala ao ya Manika? Kama ni inje ya muji, ni sekta gani? Na chini ya ule udongo, je, kuna mutu mwingine mwenye karatasi ya madini?

Tuliuliza maneno haya mu mukutano mumoja, chini ya muembe, na watu wakaangaliana. Mama mumoja njo alijibu: «Agronomu, siye tunajuaka tu kama shamba iko ng'ambo ya muto.» Watu wote wakacheka, hata sisi. Kisha tukanyamaza, juu tuliona kwamba sisi pia, wenye kufika pale na pikipiki na fulana za mradi, hatukukuwa na jibu lingine.

Tuseme kosa letu wazi. Miaka michache iliyopita tulisaidia koperative moja ya upande wa magaribi ya Kolwezi. Tulipima udongo, tukakuta ni mukali, kama sehemu kubwa ya udongo wetu mwekundu wa huku. Tukaleta chokaa ya mashamba, tukaleta mbegu ya kuchaguliwa, tukapanga mistari na kamba. Mwaka wa kwanza mahindi yalikuwa ya kawaida, mwaka wa pili yalipendeza, na mwaka wa tatu watu walikuja kutoka vijiji vingine kuyaangalia. Mu mwezi wa pili, wakati mahindi ilikuwa inatoa ndevu, wakafika vijana wenye mashine ya kupima, wakapanda vigingi vya chuma vyenye kitambaa chekundu katikati ya mistari. Kampuni moja ya machimbo ilikuwa na ruhusa juu ya pahali pale tangu mbele koperative haijazaliwa.

Wakaja wengine kuhesabu. Walihesabu mashina ya mahindi, mihogo, migomba na miti ya maembe. Chokaa haikuhesabiwa. Miaka tatu ya kurudishia udongo nguvu haikuhesabiwa. Na malipo yalifuata majina yenye kuwa mu daftari ya kijiji. Wamama wanne, wenye walilima vipande vya kuazima kwa binamu yao, hawakupata kitu, juu jina la binamu njo lilikuwa limeandikwa. Sisi tulikuwa na kipimo cha ukali wa udongo cha kila kipande, kimeandikwa vizuri na kalamu ya bluu. Lakini mipaka ya vile vipande, hatukukuwa nayo hata ya kimoja. Tulijua udongo kwa kina cha sentimita 20, na hatukujua ni wa nani.

Ni juu ya hiyo njo tunaandika leo.

Turudi nyuma kidogo, juu bila historia hii mutawaza kama ni bahati mbaya tu. Kolwezi haikuzaliwa kama muji wa walimaji. Union Minière njo iliujenga mu mwaka 1937, hapa ku uwanda wa Manika, zaidi ya metre 1,400 juu ya bahari, kwa ajili ya shaba. Kambi zilikuwa za wafanyakazi, na wafanyakazi walipewa posho ya unga. Mahindi yalitoka mbali. Mashamba ya kandokando ya muji yalikuwa kazi ya wake na ya wazee. Kisha Gécamines ikaanguka. Mu mwezi wa tisa 1990 machimbo ya Kamoto yalibomoka chini ya udongo, mishahara ikaanza kukawia, halafu ikakawia miezi na miezi. Njo wakati watu wa kambi walishika jembe. Wengi wenu munajua hadithi hii kupita sisi, juu ni baba yenu mwenyewe mwenye alitoka ku kazi ya machimbo akaenda kufungua pori.

Lakini lile pori halikukuwa pori ya mutu yeyote. Sehemu kubwa yake ilikuwa imechorwa mu karatasi za machimbo tangu zamani. Na sheria ya madini ya 2002 ilipofika, ikaweka Kadasta ya Madini, yenye tunaita CAMI, na CAMI ikagawa inchi yote mu vikare. Kikare kimoja ni karibu hekta 85. Mutu anaomba vikare vyake mu ofisi, juu ya ramani. Kikare hakioni muto, hakioni makaburi, hakioni shamba ya mama. Sheria yetu inatenganisha haki ya juu ya udongo na haki ya chini ya udongo: mutu mumoja anaweza kuwa na mahindi, mwingine shaba, pahali pamoja, na wote wawili wako na haki. Ile yenye inakosaka ni kwamba mwenye shaba iko na ramani, na mwenye mahindi hana.

Tunaposema ramani, tunasema pia Leta, juu ramani ya Leta njo inaonyesha nani anaweza kuwasikiliza. Hapa watu wengi wanapotea, hata viongozi wa koperative wenye kusoma. Tulieleze kwa urefu kidogo.

Mu mwaka 2015 Katanga iligawanywa mara ine: Haut-Katanga, Haut-Lomami, Tanganyika, na sisi, Lualaba. Kolwezi ikawa makao makubwa ya jimbo. Mbele ya pale, karatasi yenye uzito ilipaswa kwenda Lubumbashi, kilomita karibu 300. Leo inaishia hapa. Ni jambo zuri. Lakini jimbo letu ni la kilomita karé 121,308, kupita inchi nzima ya Malawi, na lina teritware tano: Mutshatsha, Lubudi, Dilolo, Sandoa na Kapanga. Mulimaji wa Kapanga, kule kwa Walunda, bado anaona Kolwezi kama inchi ya mbali. Kumbe hata mulimaji wenye anaona minara ya Kolwezi akiwa mu shamba yake anaweza kuwa mbali na ofisi yake, juu muji umezungukwa na teritware ya Mutshatsha, na makao ya teritware hiyo ni Mutshatsha yenyewe, kule ku njia ya reli yenye inaenda Kasaji na Dilolo mupaka Angola. Unaweza kuuza sombe ku soko ya Kolwezi kila asubui na kuwa mutu wa Mutshatsha.

Sasa jambo lenyewe. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inapanga ofisi za chini kwa aina mbili. Kuna zenye kuwa na mufuko wao, budjeti yao na uwezo wa kuamua: muji, komini, sekta na sheferi. Na kuna zenye kuwa mukono wa Leta tu, bila mufuko wao: teritware, kartié, grupema na kijiji. Soma tena, ndugu, juu wengi wanawaza kinyume. Administrata wa teritware ni mukubwa, tunamuheshimu, anawakilisha Leta na anaangalia kazi za wote. Lakini teritware haina budjeti ya kujitegemea kama sekta. Shefu wa sekta, mwenye munapita mbele ya ofisi yake bila hata kusalimia, njo iko na mufuko.

Tumeona barua nyingi za koperative zenye kuomba daraja. Karibu zote ziliandikwa kwa administrata, kopi kwa gavana, kopi kwa mubunge, na moja hata kwa waziri kule Kinshasa. Sekta haikupata hata kopi.

Na ule mufuko si mutupu kama zamani. Sheria ya madini ilisahihishwa tarehe 9 Machi 2018. Tangu pale, ile kodi yenye kampuni inalipa juu ya madini yenye inauza inagawanywa hivi: asilimia 50 kwa serkali ya Kinshasa, 25 kwa jimbo, 15 kwa muji, komini, sekta ao sheferi yenye machimbo iko ndani yake, na 10 kwa mufuko wa vizazi vya kesho. Ile asilimia 15 haipaswi kupita Kinshasa na kurudi. Inalipwa kwa ile ofisi ya chini moja kwa moja. Mu inchi hii kuna sekta nyingi zenye hazina machimbo na hazijui harufu ya makuta haya. Sisi wa Lualaba tunayo. Dilala, Manika, sekta ya Luilu, sheferi ya Bayeke kule Bunkeya upande wa Lubudi: hizi si ofisi za maskini tena.

Kuna pia kaye de sharje, yaani daftari ya ahadi yenye kampuni inapatana na wakaaji, na kuna fungu la asilimia 0.3 ya mauzo ya kila mwaka kwa maendeleo ya wakaaji wa kandokando. Juu ya hizo tutaandika siku nyingine. Leo tubaki ku 15.

Maoni yetu ni haya: koperative zetu zinapiga hodi ku mulango usio wenyewe, na ule wenye kuwa wenyewe haujazoea kuona walimaji. Wanaoenda ku ofisi ya sekta ni wauzaji, wajenzi, na kila mutu mwenye kuwa na kazi ya kuomba. Walimaji hawaendi. Kisha budjeti inapotoka na jengo jipya na gari na viti vya mukutano, tunalalamika mu kivuli cha muembe. Unga wa Zambia unafika Kolwezi ku barabara ya lami, mu makamio makubwa. Mufuko wenu wa mahindi unalala kilomita 30 kutoka soko juu daraja la miti limeoza. Halafu watu wanasema mulimaji wa Lualaba ni muvivu. Kumbe mara nyingi hekta mbaya bila angre haifiki tani moja, na hata ile kidogo haiwezi kutoka. Daraja lile ni kazi ya sekta, na linaweza kuingia mu budjeti ya sekta kama mutu analiombea mbele budjeti haijafungwa.

Tunakumbuka pia wakati wa Katanga moja, gavana alipoagiza kila kampuni ya machimbo kulima hekta 500 za mahindi. Kwa chakula cha muji, wazo lilikuwa na maana. Lakini trakta ya kampuni haimupi mulimaji mudogo njia wala karatasi, na sisi hatutaki kungoja agizo lingine la namna ile.

Tusifiche neno la kupinga, juu lilisemwa mbele yetu na lilikuwa na nguvu. Mama ule ule wa ng'ambo ya muto alituambia: «Ukijionyesha kwa Leta, Leta inakujua. Na ikikujua, inakuya na kitabu cha risiti.» Hakukosea. Tunajua koperative moja ya ku mupaka wenye kulipa kodi ya soko mara mbili ku siku moja, kwa wakusanyaji wawili, kila mumoja na kashe yake, kila mumoja akisema pale ni kwake. Wengine wanaogopa zaidi: ukiandikisha shamba, unaamusha kampuni yenye ilikuwa imelala. Woga huu hatuucheki. Lakini angalieni vizuri. Kampuni haikulala. Vikare vyake viko mu ramani ya CAMI, na ramani ile inaonekana ku intaneti, mutu yeyote anaweza kuiangalia na simu yake. Mwenye haonekani ni ninyi. Na wale wakusanyaji wawili waliweza kuwakula mara mbili kwa sababu ile ile: koperative haikuweza kuonyesha iko upande gani wa mupaka.

Siku ya vigingi, sheria haiko kimya. Kifungu 281 cha sheria ya madini kinasema mwenye kukaa juu ya udongo alipwe: ao kodi ya ule udongo, ao bei yake ya siku ulipokaliwa, na juu yake kuongezwa nusu. Kama udongo umepangiwa dola 1,000, malipo ni 1,500. Na hiyo ni udongo. Haisemi mashina ya mahindi tu. Lakini sheria inalipa mutu mwenye anaweza kuonyesha kwamba alikuwa pale, mupaka wapi, tangu lini. Wale wamama wanne walikuwa pale. Walikuwa pale kila asubui saa kumi na mbili. Hakuna karatasi yenye ilisema hivyo.

Sasa tunafanya nini? Tunawaza kila koperative ianze daftari ya mashamba, mbele ya kupanda. Ndani yake kila mutu mwenye analima aandikwe kwa jina lake, hata kama kipande ni cha kuazima, na mwenye kuazimisha aweke sahihi kwamba anajua. Hapa tunasimama imara: bibi aandikwe kwa jina lake, si «bibi ya Fulani». Pembe za shamba zichukuliwe na simu yenye GPS. Simu ya kawaida ya vijana wenu inatosha. Majirani waweke sahihi. Shefu wa kijiji aweke sahihi. Kisha kopi mbili ziende ku sekta ao ku komini, na moja irudi na kashe ya kupokea na tarehe. Bila kashe, mumepeleka zawadi ya karatasi.

Hatuwadanganyi. Daftari hii si sertifika. Sheria ya udongo ya 1973 inasema udongo ni wa Leta, na udongo wenye wanakijiji wanalima kwa desturi iliuachia agizo la Rais, lenye wazazi wetu walilingoja miongo. Mwenye anataka kontra ya kweli lazima aende kwa konservatere. Kwa shamba za vijiji, yeye anaweza kutoa mupaka hekta 10, na gavana mupaka 200. Mbele ya kutoa, lazima uchunguzi ufanywe pale shambani, ili kujua kama kuna watu wenye haki juu yake. Ni njia ndefu, inakula makuta, na kwa koperative ya watu maskini hatuwezi kusema muianze wote kesho. Lakini angalieni ule uchunguzi kwa upande mwingine: siku mutu wa muji atakapoomba hekta 50 zenye ndani yake kuna mashamba yenu, ule mwenye kuchunguza atakuta daftari yenye kashe, ao atakuta nyasi.

Jambo moja la mwisho juu ya koperative yenyewe. Inchi yetu iliingia mu OHADA mwaka 2012, na sheria yake inakubali koperative ndogo yenye kuanza na watu tano tu. Lakini lazima iandikishwe mu rejista ya koperative. Wengi wenu muko na karatasi ya zamani tu, yenye kupewa siku ya sherehe ya kufungua. Ile inaonyesha kwamba mulikutana. Haiwapi uwezo wa kusaini kontra wala kusimama mbele ya tribinali kama koperative. Katibu wenu atuonyeshe karatasi hiyo tutakapofika, tutaisoma pamoja.

Na kwa wale wa Dilala na Manika: mu mwezi wa kumi na mbili 2023 mulichagua washauri wa komini, jambo lenye sekta hazikupata mu uchaguzi ule. Muko na watu wa kuuliza, kwa majina. Waulizeni juu ya ile 15, na barabara za mashamba ziko ku ukurasa gani wa budjeti.

Sisi tutaanza kupita mu mwezi wa kumi, kwanza vijiji vya ku mupaka wa muji na sekta ya Luilu, juu kule njo mavurugo ni mengi. Tutakuja na simu mbili, daftari, na ramani ya vikare yenye tumechapisha kwa ukubwa. Tafazali kila mutu akuje na jirani yake, zaidi sana yule wenye munabishana juu ya mupaka. Mbegu tutaleta pia, musihangaike.

Tulijaribu kazi hii mwaka huu mu kiangazi, kwa siku moja. Wa kwanza kusimama alikuwa mumoja wa wale wamama wanne; sasa analima ng'ambo nyingine, kipande cha robo hekta. Tuliwaza pembe zitakuwa ine. Tulitembea nyuma yake na zikatoka saba, juu shamba inazunguka vichuguu viwili, halafu inajikunja kuacha kaburi ya shangazi yake. Tulimuuliza kama tunyooshe mustari ku ramani. Akasema hapana. Tuliandika pembe zote saba, na jina lake juu.